Uzi: Variesheni za Clara Schumann, za Brahms na zile za mwisho za Robert. Tuzisikilize kwa mpangilio gani?

Mpenda Piano (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Mwaka 2011 mpiga piano András Schiff alitoa rekodi kupitia lebo ya ECM, diski mbili za Robert Schumann tupu, mtunzi wa Ujerumani wa karne ya 19. Ndani kuna Kinderszenen, kuna Fantasie, kuna Waldszenen, vipande ambavyo mpenzi yeyote wa piano anavijua. Hata hivyo jina lililowekwa kwenye jalada ni la kazi ambayo wapiga piano wengi hawajawahi hata kuigusa: Geistervariationen, yaani Variesheni za Roho. Ni tuni moja ya taratibu katika Eb meja na variesheni tano juu yake, kama dakika kumi hivi, basi.

Kwa wageni wa mambo haya: mtunzi anachukua tuni fupi, anaipiga kwanza kama ilivyo, kisha anairudia tena na tena, kila mara akibadilisha kitu. Anaweza kubadilisha mapigo, chodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), sauti inayobeba tuni, hata kuitoa meja, yenye mwanga, na kuipeleka maina, yenye huzuni. Tuni inabaki humo ndani, na msikilizaji kazi yake ni kuitafuta ilipo.

Nimefungua uzi kwa sababu rekodi hii imenipeleka kwenye kazi nyingine mbili zilizotoka kwenye mzunguko uleule wa watu wa Düsseldorf, mji wa Ujerumani, miaka ileile ya 1853 na 1854, nazo hazipigwi sana: Op. 20 ya Clara Schumann, mke wa Robert, na Op. 9 ya Johannes Brahms, mtunzi kijana rafiki yao (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi). Hizi mbili zimejengwa juu ya tuni moja ya Robert katika F# maina, aliyoitunga mwaka 1841 na baadaye kuiingiza kwenye mkusanyiko wake wa Bunte Blätter, Op. 99. Zikitajwa pamoja, kazi ya Clara inahesabiwa kuwa utangulizi tu, halafu Brahms ndiye anasifiwa. Mimi nalipinga hilo, na sababu zangu ni za masikio. Simwonei huruma.

Kufikia mwanzoni mwa 1853 familia ilikuwa imehamia nyumba yenye nafasi zaidi, na Clara akapata chumba cha kufanyia mazoezi bila kumsumbua mumewe aliyekuwa akitunga. Alikuwa na miaka 33, ameshazaa watoto saba na kumzika mmoja, na alikuwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa kabisa wa Ulaya. Kutunga alikuwa karibu amekuacha kwa miaka kadhaa. Tarehe 8 Juni 1853 Robert alipotimiza miaka 43, akamkabidhi variesheni saba juu ya tuni yake mwenyewe. Katika maneno ya kumkabidhi aliziita jaribio dhaifu. Msimwamini.

Sikilizeni ya tatu, inapohamia F# meja na chodi kuanza kutembea pamoja kama sauti nne za kwaya. Halafu ya tano, mkono wa kushoto unakimbia kwa okteva huku wa kulia ukishusha chodi nzito. Hapo ndipo unamjua Clara wa jukwaani. Ya sita ni kanoni: sauti moja inaanza tuni, nyingine inaifuata nyuma kwa noti zilezile, na huzuni ya tuni inaongezeka kwa sababu kila neno linasemwa mara mbili. Ya saba inafunguka kwa noti za kupanda na kushuka kama kinubi. Katika zote saba tuni ya Robert huipotezi hata mara moja. Huo ndio ustadi wenyewe.

Mwenye rekodi ya Jozef De Beenhouwer, aliyepiga kazi zote za piano za Clara kwa lebo ya CPO, aanzie hapo.

Sauti ya Nne

Mkuu, madini haya. Mimi ni mtu wa besi kwaya ya kanisani, piano sijui kupiga ila sauti nne nazifahamu. Nimesikiliza hiyo Geistervariationen ya Schiff mara tu baada ya kusoma. Ile tuni ya mwanzo ni wimbo wa ibada kabisa. Ukipewa maneno unaweza kuiimba Jumapili ijayo, na besi yake imepangwa vizuri, haina miruko ya ajabu.

Swali langu: inasemekana Robert aliziandika akili ikiwa imeshamchanganyikia. Ni kweli? Na kama ni kweli, si inawezekana tunaipenda kwa sababu ya habari yake tu, siyo muziki?

Mpenda Piano (mleta uzi)

@Sauti ya Nne, habari yenyewe ni hii.

Usiku wa tarehe 17 Februari 1854 Robert aliamka kitandani akaandika tuni aliyosema ameimbiwa na malaika. Kwa siku kadhaa alikuwa akisikia sauti. Nyingine zikimfariji, nyingine zikimtisha. Siku zilizofuata akaanza kuiandikia variesheni. Tarehe 27 Februari, Jumatatu ya kanivali, alikuwa akinakili kazi hiyo kwa mwandiko safi. Akanyanyuka mezani, akatoka kwenye mvua akiwa amevaa nguo za nyumbani, akaelekea daraja la mto Rhine. Daraja lilikuwa la kulipia naye hakuwa na hela, akaacha leso yake kama dhamana. Akajitupa mtoni. Watu waliokuwa karibu wakiwa na mashua wakamwopoa na kumrudisha nyumbani, na siku iliyofuata akaendelea kunakili mpaka akamaliza. Tarehe 4 Machi akapelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Endenich, karibu na Bonn, hakutoka tena. Clara hakuruhusiwa kumwona hadi Julai 1856, siku mbili kabla hajafariki.

Kwa hiyo ndiyo, alikuwa mgonjwa sana. Ila fuata muziki wenyewe kwa makini uone kama kuna mkono unaotetemeka. Variesheni ya pili ni kanoni iliyopangwa sawasawa. Ya nne inahamia G maina na kila sauti inajua inakokwenda. Huo ni utunzi wa mtu anayeijua kazi yake.

Clara hakutaka zichapishwe. Brahms alipohariri juzuu ya nyongeza ya kazi za Robert mwaka 1893, iliingia tuni peke yake bila variesheni. Kazi nzima ilichapishwa mwaka 1939. Ndiyo maana ni ngeni masikioni mwa watu.

Mama Wawili

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni wakuu.

Bint Pangani

Salamu kwenu nyote. @Sauti ya Nne umeuliza jambo ambalo na mimi limenisumbua, nataka kulijibu kwa njia nyingine.

Ile tuni ya malaika Robert alikuwa ameshaiandika. Tafuta konseto yake ya fidla (kazi ya fidla ikisindikizwa na okestra) katika D maina, aliyoitunga vuli ya 1853, miezi michache tu kabla. Sikiliza sehemu ya pili, ile ya taratibu. Fidla inapoingia utaitambua: ni ndugu wa damu wa tuni hii ya Eb meja. Yaani kilichomjia usiku ule kilitoka kwake mwenyewe, naye hakukitambua.

Mimi hilo ndilo linalonigusa kuliko habari ya daraja. Na linasikika. Tazama anavyoishughulikia tuni katika variesheni: karibu haigusi. Anaiacha juu ilivyo, anabadilisha vinavyoizunguka tu. Katika ya kwanza sauti ya ndani inatembea noti tatutatu kwa pigo moja, tuni juu imetulia. Anaishika kwa heshima, kama kitu alichokabidhiwa na si chake. Variesheni nyingi za zama zile ni za kuonyesha vidole, wimbo maarufu wa opera unapambwa mpaka ukumbi unasimama. Hapa hakuna hata tone la hayo.

Halafu ya tano, ya mwisho. Humo mna noti zinazogongana na tuni karibu kila hatua, zinauma kidogo kisha zinatulia. Aliyeisikiliza kwa spika ya simu hajaisikia hiyo, anahitaji hedifoni.

Kidole cha Nne

Mimi najifunza piano, niko kwenye gredi za juu za ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, na mwalimu wangu aliniruhusu kujaribu hizi Geistervariationen. Naomba niseme kwa upande wa vidole.

Noti zenyewe si nyingi, wala mwendo si wa kasi, mtu akifungua karatasi anadhani ataimaliza wiki moja. Shida ni ya sauti ya ndani. Variesheni ya kwanza mkono wa kulia unashika tuni kwa vidole vya nje, cha nne na cha tano, ambavyo ndivyo dhaifu, huku vidole vya ndani vya mkono huohuo vinatembeza zile noti tatutatu. Vidole vya ndani vikizidi nguvu kidogo tu, tuni imezama. Ukibana sana tuni, inakuwa kama unamfokea mtu. Na pedali ndiyo mtihani mwingine: ukiiweka nyingi kanoni ya pili inakuwa ukungu, ukiiondoa kabisa piano inakauka.

Ndiyo maana namheshimu Schiff. Pedali yake ni ndogo sana, unazisikia sauti zote nne moja moja. Igor Levit naye ameipiga kwenye albamu yake ya Life ya mwaka 2018, na yeye anakwenda kwa unyenyekevu mwingi, anapunguza sauti mpaka unasogea karibu na spika. Naona Schiff anazungumza na Levit anaomba. Kwa kujifunzia nachukua Schiff, kwa kusikiliza usiku namchukua Levit.

Tena wa Ngong Road

Hamjambo kutoka Nairobi. Uzi mzuri, lakini kuna mahali lazima nimtetee Brahms, maana naona anasukumwa pembeni.

Huyu kijana alibisha hodi kwa akina Schumann mwishoni mwa Septemba 1853 akiwa na miaka 20. Robert akamwandikia makala ya kumtangaza kwa ulimwengu mzima wa muziki. Miezi mitano baadaye Robert yuko Endenich, na Clara ni mjamzito wa mtoto wa nane, Felix, aliyezaliwa Juni 1854. Brahms alirudi Düsseldorf kuwa karibu na familia ile, na hapo ndipo alipoandika Op. 9. Variesheni 16. Juu ya mwandiko wake aliandika kwamba ni juu ya tuni ya huyo bwana, na zimetolewa kwa huyo bibi. Hakutaja jina la mtu.

Na muziki! Variesheni ya kwanza tu, tuni ameitoa juu akaipeleka mkono wa kushoto, chini kabisa. Ya tisa ni B maina, na ndani yake anakumbusha kipande kingine cha Robert, kinachofuata palepale kwenye Bunte Blätter. Ya kumi ndiyo kilele: D meja, taratibu, sauti moja inapanda pale nyingine inaposhuka, kama taswira yake majini, na karibu na mwisho, katikati ya sauti, amefichamo tuni ya Clara mwenyewe. Ni ile ya Romance variée, Op. 3, aliyoichapisha akiwa msichana mwaka 1833, ambayo Robert naye aliitumia kwenye Impromptus zake Op. 5. Ya mwisho ya 16 inarudi F# meja, karibu kila kitu kimeondolewa, imebaki besi na chodi chache.

Kijana wa miaka 21 kufanya hivyo? Samahani, lakini Clara hapo haingii. Kazi yake ni nzuri, inapendeza, ila haiendi kina hicho. Msikilize Julius Katchen kwenye rekodi zake za Brahms wote alizofanya kwa Decca miaka ya 1960, halafu turudi tuzungumze.

Mpenda Piano (mleta uzi)

@Tena wa Ngong Road, karibu sana, na Katchen nakuunga mkono asilimia zote. Uchambuzi wako wa ya kumi sina la kuongeza. Ila hukumu yako ndiyo ninayoipinga.

Unampima Clara kwa kipimo cha Brahms. Brahms anaingia ndani ya tuni anaifungua: anachukua besi, anaigeuza juu chini, anaipoteza kabisa, anairudisha. Sawa, ni njia. Lakini rudi kwenye alichoandika Bint Pangani kuhusu Robert: tuni inaachwa juu ilivyo, kinachobadilika ni vinavyoizunguka. Sasa sikiliza Clara tena. Ni njia ileile! Tuni ya F# maina haipotei hata mara moja, na kila variesheni inaiwekea hali mpya ya moyo. Na tarehe 8 Juni 1853 Geistervariationen zilikuwa hazijaandikwa. Clara ametangulia kwa miezi minane kufanya kile ambacho Robert atakifanya katika kazi yake ya mwisho ya piano. Sisemi Robert alimwiga. Nasema watu wawili walioishi na kupiga piano nyumba moja miaka 13 walikuwa na namna moja ya kuitunza tuni, na mwenye namna hiyo huwezi kumwambia hana kina kwa sababu hakuvunja kitu.

Jambo jingine. Umetaja tuni ya Clara iliyofichwa ndani ya Brahms. Nenda mwishoni mwa Op. 20, baada ya variesheni ya saba, mahali kazi inapofungwa. Tuni hiyohiyo ya ujana wake inapita pale, ndani ya sauti, juu ya tuni ya mumewe. Kazi hizi mbili zilichapishwa mwaka uleule wa 1854 na nyumba ileile, Breitkopf & Härtel ya Leipzig. Aliyezinunua pamoja alipata mazungumzo ya watu watatu, mmoja wao akiwa wodini. Na Robert alizipata nakala kule Endenich. Aliisifu kazi ya Brahms kwa barua.

Halafu kuna hili linaloniuma. Mwaka ule wa 1853 Clara aliandika mfululizo: Op. 20, romansi za piano, romansi za fidla na piano, nyimbo za kuimbwa. Mlango ulikuwa umefunguka. Baada ya Februari 1854 akabaki na watoto wa kulisha, akarudi barabarani kupiga matamasha, na kutunga kukafika mwisho isipokuwa vipande vichache sana. Aliishi mpaka 1896. Tukizungumzia alichoweza na alichoshindwa, tuhesabu na hiyo miaka 40.

Tena wa Ngong Road

Nimerudi kusikiliza mwisho wa Op. 20. Iko pale. Kwangu Brahms bado anabaki juu, hilo siliondoi, lakini hoja ya namna moja ya kuitunza tuni ni nzito na sijawahi kuiona ikisemwa. Nitawapigia wanakwaya wenzangu zote mbili mfululizo bila kuwaambia ni za nani.

Sauti ya Nne

Wakuu, bando langu ni la kupima. Nipeni mpangilio mmoja niupakue usiku, nisikilize kesho njiani.

Bint Pangani

Mimi ningeanza na tuni tupu kutoka Bunte Blätter, kile kipande cha nne cha Op. 99 chenyewe, kimoja tu. Ni kifupi. Kirudie mpaka uweze kukiimba mdomo ukiwa umefumba. Bila hivyo Brahms atakuacha njiani kuanzia variesheni ya kwanza, maana tuni itakuwa iko kwenye sauti yako wewe mtu wa besi na hutaijua.

Mpenda Piano (mleta uzi)

Naunga mkono. Kisha Clara, Op. 20, kama dakika kumi. Pumzika. Kisha Brahms, Op. 9, ambayo ni ndefu karibu mara mbili ya hiyo. Geistervariationen iache siku nyingine kabisa, tuni yake ni nyingine na haitaki kufuatana na kelele yoyote.

Kidole cha Nne

Naongeza: usizisikilize zikiwa zimechanganywa na orodha ya programu inayojichagulia wimbo unaofuata. Nilipozipata kwa njia hiyo variesheni zilikuja shaghalabaghala, ya tano kabla ya ya pili, na huwezi kuelewa kitu. Pakua albamu nzima na uzime kile kitufe cha kuchanganya.

Mama Wawili

Nimesikiliza Clara wakati nakunja nguo za watoto. Hiyo ya tatu mliyoitaja, inapogeuka meja, niliacha kukunja. Naomba kujua: kuna mtu aliyewahi kuitumia tena ile tuni ya malaika, ya Robert, au iliishia pale?

Mpenda Piano (mleta uzi)

@Mama Wawili, asante kwa swali. Yuko, naye ni Brahms tena. Mwaka 1861, miaka mitano baada ya Robert kufariki, alichukua tuni hiyo ya Eb meja akaiandikia variesheni kumi za watu wawili kwenye piano moja, Op. 23, akamtunukia Julie, mmoja wa mabinti wa Robert na Clara. Ya mwisho ni machi ya maziko, na humo tuni inarudi ikiwa imeshikwa na mikono minne. Wakati huo umma ulikuwa haujaziona variesheni za Robert mwenyewe. Watu waliijua tuni kupitia Brahms kwa zaidi ya miaka 70.

Kwa sababu ni ya watu wawili inataka uzi wake, na nataka kwanza Kidole cha Nne amtafute mwenzake wa kukaa naye kwenye benchi, atueleze nani anashika pedali.